Maiti Aliyesikia Kila Kitu

"Lia," alisema mchoraji.

Sidsel hakulia. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza, amejifunika shali nyeusi ya kuazima, na juu ya meza alikuwa amelazwa mchumba wake Laust, nywele zimelowa maji ya chumvi, mikono imepangwa kifuani kama ya mtu aliyekufa baharini. Ilikuwa siku ya tatu wanafanya hivyo.

"Fikiria hatarudi tena," mchoraji aliendelea, kwa upole. "Ameletwa asubuhi hii. Mlikuwa mfunge ndoa mwezi wa kumi. Sasa haipo tena."

Sidsel akajaribu. Akamkazia macho Laust. Akaona chembe ya mchanga kwenye sharubu, akaona tundu moja la pua likichezacheza kwa kuizuia chafya, na badala ya kilio kikamtoka kicheko. Mchoraji naye akacheka, brashi mkononi. Maiti peke yake ndiye hakucheka.

Wakati huo watu wa Skagen, mji wa wavuvi wa kaskazini, walishawazoea wachoraji. Kila kiangazi walishuka kutoka Kopenhagen na masanduku yao ya rangi, wakisema mwanga wa huku haupatikani kwingine. Wavuvi waliulizana ni mwanga gani huo, mbona wao wameishi nao tangu kuzaliwa na haujawahi kuwaletea samaki hata mmoja. Lakini hawakuwafukuza. Nusu ya wanaume wa mji walikuwa wameshatundikwa kwenye kuta za matajiri, huyu anavuta kasia, yule anavuta kiko.

Huyu aliyekodi banda la nyavu nyuma ya nyumba ya wageni aliitwa Holger Winge. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na nne, mwembamba, mwenye adabu. Alitaka kuchora picha moja kubwa ya mjane wa mvuvi na mume wake aliyeletwa kutoka majini. Alimwendea Laust mwenyewe ufukweni, akavua kofia, akaomba. Laust hakuwa mtu wa kumkatalia aliyemwomba vizuri. Akatoa neno lake kwamba atalala pale hadi picha itakapokamilika.

Aliyekataa ni mama yake Sidsel, Bodil.

"Maiti haiigizwi," alimwambia binti yake, mikono imo kwenye bakuli la unga. "Baba yako sisi tulimpokea amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wameubeba. Hakuna aliyetuambia tupige magoti wapi."

Terkel, babake Sidsel, alikuwa amezama miaka sita iliyopita. Bodil aliapa hatakanyaga banda lile, na kila Sidsel aliporudi jioni alimkuta amenyamaza, sahani ya samaki wa kukaushwa na mkate mweusi iko mezani, chakula kimepoa.

Kumbe Sidsel naye hakujua kwa nini alikuwa akienda kwa hamu namna ile. Mwanzoni alidhani ni kwa sababu kupiga magoti ni kazi nyepesi kuliko kushona nyavu. Kisha akagundua kwamba alikuwa akivaa kola yake nzuri, ile ambayo shali iliifunika yote, isingeonekana pichani hata kidogo.

Holger alikuwa akimuuliza mambo. Hilo ndilo lilikuwa jambo geni. Alimuuliza anaota nini, anaogopa nini, bahari ikiwa imetulia yeye huwaza nini. Sidsel alikuwa na miaka ishirini na tatu na hakumbuki mtu aliyewahi kumuuliza anawaza nini, isipokuwa mchungaji, naye alikuwa akiuliza ili amkosoe. Akawa anajibu. Akawa anajisikia akisema vitu ambavyo hakujua kwamba anavyo. Akacheka sana. Siku zikapita, picha ikakua, na katikati ya mazungumzo yote hayo Laust amelala mezani, macho yamefumbwa. Alikuwa akitoka baharini alfajiri na kuja moja kwa moja, hivyo wote wawili waliamini amesinzia. Baadaye hata hawakuamini lolote. Walimsahau, kama unavyosahau kabati lililoko chumbani.

Alasiri moja Holger aliweka brashi chini akawa anamtazama tu.

"Ungekuwa wangu," alisema, "nisingekuchora ukilia."

Sidsel angeweza kusema, mimi nina mchumba. Angeweza kucheka na kuyapitisha. Alinyamaza, na ule unyamavu ukakaa ndani ya banda kama mtu wa nne.

Laust akainuka, akaketi mezani, akashusha miguu.

"Leo nimechoka kufa," alisema. Akavaa buti zake akatoka.

Sidsel alimkuta ufukweni akipaka lami ubavu wa mashua, polepole, kama kawaida yake. Alisimama nyuma yake hadi alipoona hatageuka.

"Nilidhani umelala," alisema.

"Sikulala."

"Leo tu?"

"Siku zote."

Sidsel akahisi masikio yanawaka. Akaanza kukumbuka siku moja moja, alisema nini na nini, akaona ni mengi mno. Akamwambia hakuna kilichotokea kati yake na yule bwana. Laust akasema anajua, alikuwepo.

"Basi niambie umekasirika," Sidsel alisema. "Nitukane. Nitajua la kufanya."

"Sitakusaidia kwa hilo." Alichovya brashi yake kwenye lami. "Unamtaka yeye?"

"Sijui."

"Unanitaka mimi?"

Sidsel alifungua mdomo. Miaka minne ya uchumba, na pete kidoleni, na jibu halikuja. Si kwamba lilikuwa hapana. Halikuwepo tu, kama kitu ulichokiweka mahali pazuri ili usikipoteze.

"Ukijua, utaniambia," Laust alisema. "Lakini usinipe huruma, Sidsel. Huruma nitaipata siku nikizama kweli."

Watu wengi wangedhani Laust asingerudi tena bandani. Alirudi kesho yake, akalala mezani, akapanga mikono. Alikuwa ametoa neno lake. Holger alishikwa na aibu, akachora bila kuzungumza, na Sidsel akapiga magoti kati ya wanaume wawili waliomsubiri, mmoja amesimama, mmoja amelala, asijue amgeukie yupi.

Usiku ule hakumuuliza mama yake kitu, lakini asubuhi, walipokuwa wakinywa kahawa, swali lilimtoka.

"Mama, ulijuaje kwamba unampenda baba?"

Bodil alikoroga kahawa yake.

"Sikujua," alisema. "Nilijua walipomleta."

Hilo halikumsaidia Sidsel hata kidogo. Lilimzidishia mashaka tu.

Siku ya mwisho ya kuchorwa, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Paa la jikoni kwa Bodil likaanza kuvuja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu, ikabidi aende mwenyewe kumwita binti yake. Akasukuma mlango wa banda bila kubisha.

Alichokiona kwanza ni meza, na mvulana aliyemjua tangu akitambaa amelazwa juu yake, nywele zinachuruzika maji. Alijua ni mchezo. Aliukataza mwenyewe. Lakini mwili haukungoja akili. Alisimama pale mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, na uso wake ukafunguka. Sidsel hakuwahi kuuona uso ule tangu siku ya mlango na wanaume wanne. Haukudumu zaidi ya pumzi tatu. Kisha Bodil akasema paa linavuja, akageuka akaenda zake.

Laust, ambaye hakuona kitu, aliuliza ni nani aliyeingia. Holger hakumjibu. Alikuwa ameinama juu ya kidaftari kidogo, penseli inakimbia kama anafukuzwa.

"Mimi sijalia bado," Sidsel alisema baada ya muda, kwa kujitetea.

"Si kitu," alisema Holger bila kuinua kichwa. "Nimepata ninachohitaji."

Alipokuwa akifunga masanduku yake mwishoni mwa mwezi wa tisa, Holger alimwambia Sidsel waziwazi kwamba anampenda. Alitaka aende Kopenhagen majira ya Pasaka, wakati picha itakapoonyeshwa, wafunge ndoa huko. Hakutania, wala hakumshika mkono bila ruhusa. Alimwambia amechora wanawake wengi na hakuna aliyemfanya atamani kuacha kuchora. Sidsel alisikiliza, akajikuta ameitikia kwa kichwa.

Akampelekea Laust pete. Laust akaitia mfukoni, akamuuliza kama paa la mama yake limeacha kuvuja. Kesho yake akaja na ngazi akaliziba.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Gari la posta lilikuja kwa kufuata ufukwe kutoka mji wa Frederikshavn, na karibu kila wiki lilikuwa na bahasha ya Sidsel. Mji mzima ulijua. Wanawake waliokuwa wakichambua chambo walimwita bibi wa Kopenhagen, wakamuuliza kama huko atavaa kofia ya manyoya au ya maua.

"Mpenzi Sidsel," aliandika Holger mwezi wa kwanza. "Naamka na wewe na kulala na wewe, upo mbele yangu umepiga magoti. Mikono yako imenipa taabu wiki nzima, jana ndiyo nimeiweza. Niambie, ile shali ulikuwa unaifunga kwa pindo la kushoto au la kulia?"

Sidsel aliisoma barua ile mara kumi. Mara ya kwanza alilia kwa furaha. Mara ya kumi alikuwa akiitazama sentensi ya mwisho. Alijibu kwamba ni la kushoto.

Laust hakuandika chochote, maana nyumba zao zilitengana kwa hatua mia mbili. Alileta samaki kwa Bodil kama zamani, akawasalimu wote wawili, akaenda. Mwezi wa pili meli ya mbao ilikwama kwenye mchanga mchana kweupe, na mashua ya uokoaji ikatoka na wanaume kumi, Laust akiwa kwenye kasia la tatu. Sidsel alisimama na wanawake wengine, upepo unawachapa. Mashua iliporudi alijikuta anahesabu vichwa. Akawafikisha wote. Akaketi mchangani, na hapo hapo akaanza kujiuliza: je, ningeketi hivi kwa ajili ya mwingine yeyote? Alimtazama mke wa jirani, naye ameketi.

Barua ya mwezi wa nne ilikuwa fupi. "Imekubaliwa. Wameitundika kwenye ukuta mkubwa. Njoo, Sidsel. Njoo uione, na njoo ubaki."

Bodil alimfungia mkate na samaki, akamfunga na shali shingoni kama mtoto. Hakumkataza. Alimwambia tu kwamba mlango haufungwi kwa ufunguo.

Holger alimpokea bandarini, akiwa na kofia mpya na furaha ya kweli. Alikuwa amempangia chumba kwa shangazi yake, mama mmoja mnyofu aliyempa Sidsel chai na kumsifia nywele. Kila kitu kilikuwa cha heshima. Sidsel alijiambia kwamba hofu aliyokuwa nayo ni ya safari tu.

Mchana wakaenda kwenye maonyesho. Ukumbi ulijaa watu wa glovu na fimbo. Umati mkubwa kuliko wote ulikuwa mbele ya picha moja, na Holger alimpitisha katikati ya watu, mkono mgongoni mwake.

Aliiona mikono yake kwanza. Alizijua kucha zile. Aliiona shali, imefungwa pindo la kushoto. Akapandisha macho ili ajione usoni, akamwona mama yake.

Alikuwa ni Bodil yule wa mlangoni, na uso wake umefunguka, mbele ya watu wote wale.

"Huyu ni mama," Sidsel alisema.

"Ndiyo." Holger alizungumza haraka, kwa sauti ya chini. "Uso wako haukuwa na msiba, mpenzi, na wala si kosa lako. Nilijaribu mara ishirini. Kisha yeye akaja akasimama pale. Ni uso wa kweli, Sidsel. Watu wanalia hapa kila siku."

"Ulimwomba?"

"Angekataa."

"Ndiyo sababu watu huombwa, Holger."

Alitaka kukasirika zaidi, lakini jicho lake lilikuwa limeshateleza. Kando yao bwana mmoja alikuwa akimwonyesha mke wake, kwa ncha ya fimbo, jinsi maiti ilivyochorwa kwa ustadi. Utazame mkono ule, alisema, utazame lile kovu kwenye kidole gumba, utadhani ulikuwa hai jana.

Lile kovu lilikuwa la ndoano. Sidsel ndiye aliyelifunga kitambaa siku ile. Akamtazama Laust, aliyelala ukutani Kopenhagen, mweupe, mpole, hana wa kumtetea, watu wasiomjua wanamnyooshea fimbo. Wiki tatu alikuwa amepiga magoti karibu naye asione kitu. Sasa aliona yote: sharubu, kifundo cha mkono, uvumilivu ule. Akashikwa na hamu ya kijinga ya kumwamsha, amwambie avae buti watoke.

Machozi yakaja. Hayakuja kwa mpangilio, yalimtoka kama mtu anayetapika, akawa analia mbele ya umati ule mdomo wazi.

Akageuka ili amwambie Holger amtoe nje. Holger alikuwa amerudi nyuma hatua moja. Alikuwa akimtazama kwa macho yaliyokazwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakitoa kidaftari mfukoni.

Wakatazamana. Holger mwenyewe alipoona anachokifanya, akakirudisha kidaftari mfukoni.

"Mkono umekwenda wenyewe," alisema. "Nisamehe. Naapa umekwenda wenyewe."

"Najua," Sidsel alisema. "Unanipenda mimi, Holger, au unapenda unachokiona?"

Mchoraji alifikiri. Sidsel baadaye alimshukuru kwa kufikiri, maana angeweza kudanganya.

"Sijui tofauti yake," alisema.

Kesho yake asubuhi Sidsel alipanda meli ya kurudi.

Bodil hakumuuliza chochote hadi alipokula. Ndipo Sidsel akamweleza habari ya uso, akidhani paa lile lililozibwa litaruka. Bodil aliweka kijiko chini.

"Nimekaaje?"

"Kama siku ile."

Bodil akafuta meza, mahali palipokuwa safi, akafuta tena. Alisema kuwa alichukuliwa kitu chake mlangoni kama nguo iliyoanikwa, na kwamba hatamsamehe yule bwana. Kisha akasema: "Mwandikie aweke jina la baba yako chini ya picha. Kama wanataka kulia, wajue wanamlilia nani."

Sidsel akaandika. Mwezi wa sita jibu lilikuja, la mistari miwili, kwamba kibao kimebadilishwa na sasa kinasema Terkel. Hakukuwa na neno jingine, wala Holger hakurudi Skagen kiangazi kile.

Laust je? Laust hakumkimbilia. Sidsel alimwendea siku ya pili baada ya kufika, akamkuta akitandaza nyavu, akamwambia amerudi.

"Umerudi kwa sababu kakuudhi," Laust aliuliza, "au umerudi kwangu?"

"Sijui. Labda vyote."

"Afadhali. Ungesema kwangu tu, nisingekuamini." Akaendelea kutandaza. Kisha mikono ikasimama. "Kuna kitu kinanisumbua tangu kiangazi kile, na si yule bwana."

"Ni nini?"

"Nilikuwa nimelala pale nikasikia mwanamke anacheka. Miaka minne sikuwahi kumsikia yule. Nilitaka kufumbua macho nimwone, lakini nilikuwa maiti."

Sidsel alishindwa kujua acheke au alie. Akashika ncha ya pili ya wavu, wakatandaza pamoja. Laust akamuuliza walikuwa wakichekea nini. Akamweleza. Yalipotoka nje ya banda, maneno yale hayakuchekesha sana, na Laust alimwambia hivyo. Lakini aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, si kuhusu bandani tu. Aliuliza anawaza nini. Aliuliza vibaya, kama mtu anayejifunza lugha uzeeni, akikohoa kabla ya kila swali, halafu anangoja jibu kwa uvumilivu wake ule wa mezani. Mara nyingi Sidsel hakuwa na jibu. Laust alisema hana haraka.

Mwezi wa nane Sidsel ndiye aliyeomba pete. Laust akamuuliza kama ana uhakika, naye akasema hapana, si wote, lakini uliopo unatosha kuanzia.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi na moja, samaki wa vuli walipokwisha kutiwa chumvi. Kanisa lilijaa. Mchungaji alipomuuliza Laust, jibu lilikuja kabla swali halijaisha, watu wakacheka. Alipomgeukia Sidsel, Sidsel akanyamaza. Akanyamaza hadi wanawake wa chambo wakaanza kugusana viwiko. Akanyamaza hadi Bodil, pale benchi la mbele, akashika kitabu chake cha nyimbo kwa mikono miwili. Laust alitazama mbele tu, sharubu zikitetemeka kidogo.

"Ndiyo," Sidsel akasema.

Nje, upepo ukiwapeperusha nguo, Laust alimwinamia sikioni.

"Ulinitoa roho pale. Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nasikiliza," alisema, "nijue kama ni mimi ninayejibu."